Kioo, Mzuka na Mtazamaji: Chimbuko la Uhalisia Ulioongezewa katika Filamu

Aghalabu uhalisia ulioongezewa, yaani mbinu ya kuweka picha za kompyuta juu ya mazingira halisi anayoyaona mtazamaji, hujadiliwa kama zao la miaka ya karibuni. Mtazamo huu wahitaji kurekebishwa. Chimbuko la mbinu hii limo jukwaani, na tatizo lake la msingi ni la kifasihi kabla ya kuwa la kiufundi: mtazamaji ana nafasi gani katika kisa?

Tarehe 24 Desemba 1862, katika Royal Polytechnic Institution, London, John Henry Pepper alionyesha mzuka katika onyesho lililotokana na The Haunted Man, hadithi ya Charles Dickens. Akiendeleza ubunifu wa Henry Dircks, Pepper alitumia kioo kikubwa kilichoinamishwa mbele ya jukwaa. Mwigizaji aliyefichwa chini na kumulikwa kwa mwanga mkali aliakisiwa kiooni, na hadhira ikaona mtu na mzuka pamoja. Mwigizaji wa jukwaani hakuuona mzuka huo. Alikadiria tu mahali pake. Hata hivyo kisa kiliuhitaji, kwani katika hadithi hiyo Redlaw huandamwa na mzuka unaofanana naye mwenyewe.

William Castle alijaribu kuuvusha mzuka hadi kwa hadhira mwaka 1959. Katika maonyesho ya filamu yake, House on Haunted Hill, kiunzi cha mifupa kilipitishwa kwa waya juu ya vichwa vya watazamaji. Ndani ya filamu, kiunzi humtisha mke aliyekula njama ya kumuua mumewe. Hofu yake imefungamana na hatia. Watazamaji hawakuwa na hatia hiyo. Kilichowafikia ni kiunzi, si sababu ya kukiogopa.

Mwaka 1968 Ivan Sutherland alieleza chombo cha kuvaliwa kichwani ambacho, mithili ya kioo cha Pepper, kilichanganya picha na chumba halisi. Maumbo ya mistari yalibadilika kadiri mvaaji alivyosogeza kichwa. Kisa hakikuwapo, lakini mwendo wa mtazamaji sasa uliathiri alichokiona.

Kwa mintarafu hii, uhakiki wa filamu za aina hii hauwezi kuishia kwenye ubora wa miwani. Fundi aweza kuuleta mzuka sebuleni. Ni juu ya mtunzi kuamua aliyeketi pale ni nani katika kisa, na kwa nini mzuka umemjia yeye.