Tezi Iliyojificha Kifuani

Nahodha Charles Martell alikuwa amepungua kimo kwa karibu sentimita 18 alipopasuliwa kwa mara ya saba, mjini Boston, mwaka 1932. Tezi moja ya parathiroidi, iliyofanya kazi kupita kiasi, ilikuwa ikiinyonya mifupa yake kalisi. Mara sita wapasuaji walipekua shingo wasiione. Kumbe ilikuwa kifuani!

Ilipatikana kwa kuchelewa: wiki chache baadaye alifariki, baada ya upasuaji wa mawe ya figo.

Picha zingemwokoa? Huenda. Mwaka 1989 madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba sestamibi, dawa ya mionzi iliyokusudiwa kupiga picha za moyo, hung'ang'ania pia kwenye tezi hizo zilizovimba. Siku hizi mpasuaji hutazama picha hiyo, mara nyingi pamoja na ya ultrasaundi, ndipo ashike kisu.