Shajara ya Kanali na Barua za Mama

Mgeni hakai sana Eldoret kabla ya kuambiwa kwamba nusura Israeli ijengwe hapa. Ataambiwa na kondakta wa matatu, ataambiwa na mwalimu wa shule ya msingi, ataambiwa na mzee anayekunywa chai kibandani kando ya Barabara ya Uganda. Jambo lenyewe lina msingi. Agosti 1903 serikali ya Uingereza, kwa shauri la Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, ilikubali kufikiria kuwapa Wazayuni wa Theodor Herzl eneo katika Afrika Mashariki. Kongamano lao la sita mjini Basel likapiga kura, 295 kwa 178, watu watumwe wakalikague. Mwanzoni mwa 1905 wakaja watatu: Meja Gibbons wa Uingereza, Kaiser wa Uswisi na Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Walizunguka Uasin Gishu wiki kadhaa, wakarudi, na kongamano la saba likakataa. Mwaka 1908 Makaburu wa Van Rensburg wakafika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, na Sisibo, ndiyo Eldoret ya leo, ikaanza. Hayo kila mtu anayajua.

Kinachoniudhi ni vikorombwezo vinavyotiwa juu yake. Cha kwanza ni kwamba nchi hii ilikuwa tupu. Nani aliifanya tupu? Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa nguvu na Wamaasai wenzao katika vita vya karne ya 19, na mwaka uleule wa 1905 Wanandi walikuwa vitani na Waingereza kwa sababu ya ardhi, ng'ombe na reli. Mashimo ya Sirikwa yaliyotapakaa vilimani yanaonyesha kwamba watu walifuga hapa zamani sana. Cha pili ni hadithi ya walowezi waliowapeleka wakaguzi wale kwa makusudi penye tembo na mashujaa wenye mikuki ili wakimbie. Ni hadithi ya kuchekesha, na isimuliwe hivyo. Cha tatu ndicho kizito: kwamba laiti wangekubali, wale Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi wangeokoka. Hata Gibbons, aliyekuwa na matumaini kuliko wenzake, hakuota kwamba uwanda huu ungechukua mamilioni. Wanaosema hivyo wanawageuza wafu kuwa mapambo ya sifa za mji wetu.

Anayetaka kulizungumza jambo hili kwa adabu aanze na kijitabu ambacho wenyeji wachache wanakijua: historia ya Wayahudi wa Nairobi toka 1903 hadi 1962, iliyotolewa Nairobi mwaka huohuo wa 1962. Mwandishi wake, Julius Carlebach, alikuwa rabi wa Nairobi. Alizaliwa Hamburg mwaka 1922, akapelekwa Uingereza akiwa kijana katika misafara ya kuwaokoa watoto. Baba yake, Joseph Carlebach, alikuwa Rabi Mkuu wa Hamburg. Desemba 1941 Joseph, mkewe Lotte na watoto wanne kati ya tisa walisafirishwa hadi kambi ya Jungfernhof, karibu na Riga. Machi 1942 wazazi na mabinti watatu walipigwa risasi msituni. Kijana mmoja tu ndiye aliyetoka hai. Basi mtu aliyekaa Nairobi akipanga majina, miaka na mashamba ya Wayahudi wa Kenya alikuwa yatima wa mauaji yaleyale. Alijua jamii ndogo isipoandikwa hugeuka kuwa porojo.

Sasa mtazame shahidi mwingine, ambaye vitabu vyetu vimemwamini kupita kiasi. Richard Meinertzhagen, kanali wa baadaye, ndiye ofisa aliyemuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, 1957, alichapisha shajara yake ya Kenya, na humo anajieleza kama mtu aliyenusurika mtego. Wanandi husimulia kinyume: Koitalel alikuja kwa mazungumzo ya amani, mkono ukanyoshwa kusalimiana, risasi ikalia. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimsafisha Meinertzhagen, lakini wakubwa wake waliona heri aondoke nchini, naye akaondoka 1906.

Mtu huyohuyo baadaye akawa rafiki mkubwa wa Wazayuni. Mwaka 1959 akatoa shajara nyingine, ya Mashariki ya Kati, akidai alikutana na Hitler zaidi ya mara moja kuwatetea Wayahudi, na kwamba mwaka 1939 alikuwa na bastola mfukoni. Yaani mkono uliomuua Koitalel nusura ubadilishe historia ya Ulaya! Wanahistoria wengi waliisoma wakaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ndege ndio waliomkamata. Waligundua kwamba mizoga mingi ya ndege iliyokaushwa, ambayo aliitoa kwa makumbusho kama mawindo yake, ilikuwa ya kuibiwa kutoka mikusanyo ya watu wengine, na vibandiko vyake vimebadilishwa tarehe na mahali. Baada ya hapo watu wakaanza kuzichunguza shajara zenyewe. Zimehifadhiwa Oxford, zimepigwa taipu na kufungwa kwa majalada mazuri, na dalili zilionyesha kurasa zilizoandikwa upya miaka mingi baada ya tukio. Mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kizima cha kumvua nguo, na mikutano ile na Hitler ikabaki bila miguu. Wapo bado wanaomtetea kwamba si kila ukurasa ni uongo. Sawa, lakini shahidi aliyebadili lebo za ndege, kwa nini nimwamini juu ya mkono wa Koitalel? Simulizi la wazee wa Nandi lilidharauliwa nusu karne kwa kuwa halikuwa na karatasi, kumbe karatasi yenyewe ilikuwa mbovu.

Wilbusch namsamehe zaidi. Wanaomshutumu wanasema alikuja akiwa tayari ameamua kuipinga Uasin Gishu, kwa sababu alitaka Palestina tu. Ni kweli, na hakuficha. Shajara yake ya safari, aliyoitoa kwa Kiebrania mwaka 1963, husomwa kama ushahidi wa mtu mwenye upande wake. Upendeleo unaoonekana unaweza kupimwa.

Lakini kuna karatasi bora kuliko shajara zote hizo: ile ambayo mwandishi hakutarajia isomwe na mtu yeyote nje ya nyumba yake. Miriam, dada yake Julius Carlebach, alihamia Palestina mwaka 1938. Alikusanya barua na kumbukumbu za mama yao, Lotte, akazifanyia kitabu mwaka 1992, na katika Chuo Kikuu cha Bar-Ilan akaanzisha taasisi yenye jina la baba yake. Lotte hakuwa akiwaandikia wanahistoria. Alikuwa mama mwenye watoto waliotawanyika.

Karatasi za watu wa namna hiyo zina maelezo ambayo hakuna kanali angejisumbua kuyatunga. Chukua pasi ya Kijerumani ya Myahudi wa wakati ule: kuanzia Oktoba 1938 ilipigwa muhuri wa herufi J nyekundu, na kuanzia Januari 1939 ikaongezewa jina Sara kwa mwanamke au Israel kwa mwanamume. Vita vilipozuia barua za kawaida, ndugu walipashana habari kwa fomu za Msalaba Mwekundu zilizoruhusu maneno 25 tu. Wakimbizi waliofika mashamba ya Kenya waliishi kwa maneno hayo. Stefanie Zweig, aliyeletwa hapa mwaka 1938 akiwa mtoto na kukulia upande wa Rongai na Ol' Joro Orok, aliandika juu ya kusubiri huko katika riwaya yake ya 1995, ambayo filamu yake ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Kitabu chake cha 2012 kinasimuliwa kwa barua.

Mwaka 2011 Yad Vashem, makumbusho ya mauaji ya Wayahudi huko Jerusalem, ilianza kuwaomba Waisraeli walete picha, barua na vitu vya wakati ule vilivyo majumbani mwao, kabla wenye kuvielewa hawajafa. Mara nyingi picha ya harusi au ya darasa ndiyo alama pekee iliyobaki ya sura ya mtu aliyeuawa. Picha isiyo na majina nyuma yake hubaki nyuso tu.

Silinganishi msiba na msiba. Lakini Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu wa hapa walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Eldoret wakiwa na nguo walizovaa, na nyumba zilizoungua ziliungua pamoja na albamu, vyeti vya kuzaliwa na hati za mashamba. Siku ile hakuna aliyefikiria kuokoa albamu, na leo katika jamii zetu wamo vijana wasiojua sura ya babu.

Bahati moja tunayo: Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inazifaa picha kuliko joto la Mombasa. Adui zetu ni unyevu wa masika, moshi wa jikoni, mchwa, na zile albamu za kurasa za kunata ambazo kila sebule ilikuwa nazo. Gundi yake huila picha polepole, na anayeibandua kwa nguvu huichana. Usiitie picha laminesheni, maana haitoki tena. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi, sandukuni, juu ya kabati, mbali na ukuta unaovuja. Nyuma yake andika kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino: nani, wapi, mwaka gani, nani alipiga.

Chuo Kikuu cha Moi kimefundisha taaluma ya habari na nyaraka tangu 1988, na wanafunzi wake kila mwaka hutafuta mahali pa mazoezi. Kiwatume Kapsabet, Turbo, Burnt Forest na mitaa ya Eldoret wakanakili picha za familia kwa skana, wakazirudisha kwa wenyewe siku hiyohiyo pamoja na nakala. Wala wasichague kabila: Wanandi, Wakikuyu, Waluhya, Wahindi wenye maduka ya zamani, hata wajukuu wa Makaburu waliorudi kusini. Na wewe msomaji, ukienda kwa bibi wikendi hii, beba penseli.