Mwalimu na mashine yake ya kuchapia

Tukitaka walimu washirikiane, kwa kawaida tunaanza na kamati. Barua zinatumwa, mgeni rasmi anakuja, soda zinanywewa. Kesho yake kila mwalimu yuko peke yake tena na chaki yake.

Huko Ufaransa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mambo yalianza kwa njia nyingine. Célestin Freinet alirudi vitani na jeraha la pafu alilopata mwaka 1917. Mwaka 1920 alipewa darasa katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa nchi. Alieleza mwenyewe kwamba pumzi haikumtosha kuzungumza kutwa nzima. Akawa anawatoa watoto matembezini, wakirudi wanaandika waliyoyaona. Mwaka 1924 akanunua mashine ndogo ya kuchapia. Watoto wakapanga herufi za risasi moja moja, wakisahihisha kwa makini, maana nani anataka kosa lake lichapwe?

Hadi hapo alikuwa mwalimu hodari mmoja tu. Wa namna hiyo wapo kila nchi, na wakihamishwa kazi yao hufa. Lakini mwaka 1926 alipata mwenzake, René Daniel, mwalimu wa Trégunc huko Brittany, upande wa pili kabisa wa Ufaransa. Madarasa hayo mawili yakaanza kupelekeana kurasa kwa posta: watoto wa milimani wakasoma habari za watoto wa pwani, na hao wakasoma za milimani. Wakati watoto wanaandikiana, walimu nao wakawa wanaonyeshana kazi. Wengine wakajiunga. Mwaka 1927 walikutana mjini Tours, na mwaka uliofuata wakawa na chama chao cha ushirika cha kutengeneza na kununua vifaa. Mkutano, basi, ulikuja baada ya kazi.

Wapo waliochukia. Freinet, ambaye alikuwa mkomunisti, alikuwa amehamia Saint-Paul. Mwaka 1932 mabango yalibandikwa mjini yakiwa na maandishi ya mtoto aliyeota kwamba meya ameuawa. Rabsha ikazuka, na mwaka 1933 akaondolewa shuleni hapo. Mwaka 1935 akafungua shule yake mwenyewe huko Vence. Mwaka 1940 akakamatwa na kuwekwa kambini.

Mtandao haukufa alipokuwa kambini. Baada ya vita walimu wale walijipanga upya, na mwaka 1957 wakaunda shirikisho na wenzao wa nchi nyingine.