Mbung'o aliyewanyima Kasigau farasi

Mwanafunzi wa Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, humjua pundamilia tangu utotoni. Farasi humwona kitabuni. Wengi husema ni suala la pesa, kwamba kupanda farasi ni mchezo wa shule za matajiri. Pesa zimo, lakini mbung'o alitangulia.

Reli ya Uganda ilipokatiza nyika ya Taru na Tsavo mwishoni mwa karne ya 19, wanyama wa mizigo walikufa kwa mamia kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Somo hilo lilisahaulika haraka. Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta, na kule Nairobi walowezi wakajitokeza na farasi na nyumbu wao wenyewe, wakaunda kikosi cha East African Mounted Rifles. Farasi wao mmoja mweupe alipakwa milia ya pundamilia ili adui asimtambue. Watafiti wa siku hizi wamegundua kwamba nzi wanaouma hushindwa kutua vizuri penye milia, kwa hiyo huenda yule mnyama alipata kinga ambayo bwana wake hakuikusudia.

Wenyeji wa Kasigau vita viliwagharimu zaidi ya farasi. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku kuwa wanawasaidia Wajerumani, wakawahamishia upande wa Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia walirudi mwaka 1936.

Machi 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini waliowapigania Waingereza, chini ya Jaap van Deventer, walizungukia upande wa Ziwa Chala, na Taveta ikakombolewa. Waliposonga kusini hadi Kondoa Irangi, farasi walipukutika njiani. Farasi mwenye nagana hafi ghafla. Homa huja na kuondoka, ufizi hupauka, tumbo na miguu huvimba huku mbavu zikihesabika, na mwisho hushindwa kusimama.

Mchezo wenyewe wa kupanda farasi ulishamiri kwenye baridi ya nyanda za juu, mbali na mbung'o. Klabu ya mbio za farasi ilianzishwa Nairobi mwaka 1904, na uwanja wa Ngong ukafunguliwa 1954. Watoto wa walowezi walifundishwa kupanda wakiwa wadogo; kijana Mwafrika alikuwa saisi, wa kuosha, kulisha na kushika hatamu bwana akipanda. Hilo halikuwa kosa la mdudu. Leo wanaoshindana Ngong wengi ni Waafrika.

Pwani haikungoja farasi. Lamu, wakati wa Maulidi, vijana hushindana kwa punda ufukweni bila tandiko, na tangu 1987 mji una kituo cha kuwatibu punda hao. Kwa Makwasinyi ningeanza na punda. Farasi atahitaji dawa ya nagana na chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness) kila mwaka. Punda naye huugua nagana, ila ule ugonjwa mwingine huustahimili, na bei yake mzazi wa Kasigau anaweza kuijadili.