Bima ya dola milioni 1 iliyowakimbiza mapromota wa ngumi New York

Bondia katoka ulingoni akiwa na mkono uliovunjika na uso uliovimba. Anaenda hospitali kwa usafiri gani? Teksi.

Huyo ni Magomed Abdusalamov, mzaliwa wa Dagestan, Urusi, aliyekuwa akipigana uzito wa juu. Alikuwa ameshinda mapambano yake yote 18, yote kwa KO. Novemba 2, 2013, pale Madison Square Garden, New York, alimaliza raundi 10 na Mike Perez akapoteza kwa pointi. Madaktari wa ukumbini walimwangalia, akashonwa, akaruhusiwa. Baadaye ikaonekana ana damu kwenye mkojo, akaambiwa aende hospitali. Teksi ikatafutwa barabarani.

Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Alifanyiwa upasuaji, akapata kiharusi, akakaa kwenye koma. Aliishi, lakini alipooza upande wa kulia na anahitaji uangalizi kila siku.

Kwa nini dakika zina thamani hivyo?

Ngumi ikitua, ubongo unatikisika ndani ya fuvu na mishipa midogo inaweza kuchanika. Damu hujikusanya taratibu na kuubana ubongo. Ndiyo maana bondia anaweza kuongea vizuri tu akiwa chumba cha kubadilishia nguo, halafu kichwa kikaanza kuuma, akatapika, akazimika. Hapo kinachotakiwa ni gari la wagonjwa na daktari wa upasuaji wa ubongo, haraka.

Na msidhani hii ilikuwa shoo ya mtaani. Usiku ule ulirushwa na HBO, na pambano kuu lilikuwa la Gennady Golovkin. Pesa ilikuwepo.

Sheria ilisemaje?

Marekani ina sheria ya shirikisho ya 1996 inayomtaka promota awe na daktari kando ya ulingo, gari la wagonjwa au wahudumu wa afya wenye vifaa vya kuokoa maisha, na bima ya afya kwa kila bondia. Ila kiwango cha bima haikukitaja, kila jimbo likabaki na lake. New York kilikuwa dola 10,000. Kwa bei za hospitali za Marekani, hiyo haimalizi hata siku chache za chumba cha wagonjwa mahututi.

Mwaka 2016 jimbo hilo liliporuhusu MMA ya kulipwa, sheria hiyohiyo ikabadilisha na bima: dola 50,000 kwa matibabu ya kawaida, na dola milioni 1 kwa jeraha la ubongo linalohatarisha maisha. Kuanzia Septemba 1 mwaka huo, promota ndiye alitakiwa kulipia.

Mapromota wa ngumi wakaja juu. Hoja yao tuisikilize kidogo, kwa sababu si ya kijinga. Bima ni ya kila mpiganaji, hivyo usiku wenye mapambano 8 una watu 16 wa kukatiwa. Promota mdogo anategemea tiketi za ukumbi wa watu elfu moja hivi, hana mkataba wa televisheni. Kodi ya ukumbi ipo palepale, malipo ya mabondia yapo palepale, na sasa bima. Ukimwambia alipe sawa na kampuni kubwa, anahamisha shoo jimbo la jirani, na bondia chipukizi wa New York anakosa pa kuanzia.

Ratiba za ngumi New York zikakauka kwa miezi kadhaa.

UFC wao walitia timu. Novemba 12, 2016 waliandaa UFC 205 palepale Madison Square Garden, Conor McGregor dhidi ya Eddie Alvarez, na mauzo ya tiketi pekee yakafika dola milioni 17.7. Kwa mpunga huo, bima ni tone tu.

Ngumi kubwa nazo zikarudi. Januari 14, 2017, James DeGale na Badou Jack walitoka sare Brooklyn, bima ikiwa ileile. Kwa hiyo hadithi kwamba sheria ingeua mchezo mzima haikutimia. Waliobanwa kweli ni wadogo, na dawa yao ingekuwa kuchangia gharama, pengine kwa makato kutoka shoo kubwa, badala ya kumpunguzia bondia kinga. Ubongo wa anayepigana ukumbi mdogo unavuja damu ileile.

Nani alilipa?

Familia ya Abdusalamov iliishtaki serikali ya jimbo la New York, kwa kuwa kamisheni yake ndiyo ilikuwa inasimamia usalama usiku ule. Septemba 2017 jimbo lilikubali kulipa dola milioni 22. Zilitoka mfuko wa umma, si kwenye mapato ya pambano.