Nani aliwaua Romeo na Juliet?

Mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke alitunga shairi refu juu ya Romeo na Juliet wa Verona, na katika dibaji akawatupia lawama vijana wenyewe: hawakusikiliza wazazi. Shakespeare, ambaye mchezo wake ulichapwa 1597, aliwageukia wazee. Wengine wanamlaumu padri, maana barua yake haikumfikia Romeo kule Mantua. Mjumbe alifungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Sisi wa Baraka tunaojua kolera hatushangai! Lakini siri ilitoka wapi? Huku Fizi posa inapelekwa na wazee, mchana kweupe. Montague na Capulet walikuwa maadui, basi watoto wakaoana kwa kujificha. Damu hiyo mimi naiweka kwa hao baba wawili, waliopeana mkono pale kaburini, watoto wamekwisha kufa.