Istilahi za Sheria ya Biashara kwa Wanaotaka Kusomea Sheria: Kutoka Bandari za Kale Hadi Mnada wa Karatu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita hutujia wazazi wa Unguja na Pemba na swali moja: mtoto wetu anataka kusomea sheria, je, yale aliyoyasoma chuoni katika mlango wa Buyu' yatamfaa huko? Swali hilo siku hizi linakuja na jingine. Vijana wetu wengi wamefuata biashara ya utalii Karatu na Ngorongoro, na mikataba yao ikiharibika, kilio kinarudi huku visiwani. Tunayajibu yote mawili pamoja, kwani istilahi ni zile zile.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita katika pwani yetu. Alipofika Mogadishu aliona kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulipokea kwa vidau, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema: huyu ni mgeni wangu. Mgeni yule hufikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia wakati mwenyeji hayupo, bei yake kwao haikukubaliwa. Desturi hiyo haikuwa ukarimu peke yake. Mwenyeji alikuwa wakili na dalali, na mauzo yaliyompita pembeni yalihesabiwa batili. Hiyo ni sheria ya wafanyabiashara, iliyolindwa na watu wa bandari wenyewe.

Ulaya ya karne hizo ilikuwa na mfano wake. Katika magulio makubwa ya Champagne nchini Ufaransa, na katika magulio ya Uingereza, wafanyabiashara walihukumiana kwa ada zao, upesi, kabla watu hawajafunga mizigo. Mahakama hizo za Uingereza ziliitwa kwa jina lenye maana ya miguu yenye vumbi, kwa kuwa wenye kesi walikuwa watu wa safari. Aliyewahi kuzunguka mnada wa Karatu wakati wa kiangazi akatoka na vumbi jekundu hadi magotini hatahitaji kuelezwa jina hilo.

Ada hizo ziliingizwa katika sheria ya kawaida ya Waingereza, zaidi katika zama za Lord Mansfield, aliyekuwa jaji mkuu kuanzia 1756 hadi 1788. Kutoka hapo zikafika India, ambako mwaka 1872 ilitungwa Sheria ya Mikataba. Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ya mwaka 1961, ambayo hadi leo ndiyo ya Bara, imefuata mtindo huo wa India. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba yenye asili hiyo hiyo. Kwa hiyo kijana wetu akiingia darasani atakuta majina ya Kiarabu aliyoyazoea juu ya kanuni zilizopita London na Bombay. Na tangu mwaka 2021, sheria ya Bara imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, basi kufanana huku kwa maneno si jambo dogo tena. Neno ni moja, hukumu inaweza kuwa mbili.

Tuchukue mudharaba, kwa kuwa ndipo wengi wanapoumia. Mjomba yuko Wete, anampa mpwa wake shilingi milioni 10 akanunue viungo na vitambaa, akauze Karatu kwa wageni wanaopanda Ngorongoro. Faida wagawane nusu kwa nusu. Hayo ni makubaliano ya zamani sana. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa na ya namna hiyo hiyo, na wanahistoria bado wanajadiliana kama waliyachukua kwa Waislamu. Katika fiqhi, ikitokea hasara bila ya uzembe wala kuvunja masharti, mtaji unampotea mjomba, na mpwa amepoteza jasho lake. Hadaiwi kitu. Lakini mahakama ya Bara ikiuona uhusiano ule kuwa ni ubia, na hakuna maandishi yanayosema vingine, kanuni ni kwamba wabia wanagawana faida sawa na hasara sawa. Na mjomba akidai kwamba zile zilikuwa mkopo, mpwa atatakiwa azirejeshe zote. Fedha ni zile zile, na mtu anaweza kutoka na hukumu tatu kwa sababu hakuandika mistari minne.

Wengine hawapeleki bidhaa, wananunua gari la kupandisha watalii. Hapo wenye kushika madhehebu ya Imam Shafi'i wajue kwamba mudharaba kwao ni ya kununua na kuuza, na gari la kufanyiwa kazi kwa fungu la mapato haliingii humo. Mahanbali wanaliruhusu. Rai yetu ni kwamba aliye na shaka aifanye ijara: gari likodishwe kwa kiasi maalumu na muda maalumu.

Mali kauli inajulikana na kila mwenye duka: unachukua bidhaa leo, unalipa baadaye kwa neno lako. Kisheria ni bei ya kuakhirisha, na inasihi ikiwa thamani na muda vinajulikana. "Nikiuza nitakulipa" si muda. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kuamrisha kuandikwa kwa deni la muda na kushuhudishwa. Mwanafunzi wa sheria aisome pamoja na tafsiri yake kabla ya kufungua kitabu chochote cha mikataba.

Inayofuata, ya 283, inamzungumzia msafiri asiyepata mwandishi, naye akaelekezwa kwenye rehani. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) mwenyewe aliweka rehani deraya yake kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Rehani ya chuoni ni kitu kinachokabidhiwa. Rehani ya benki mara nyingi ni hati tu, na nyumba unabaki nayo. Wazee wetu wa mikarafuu walikuwa pia na bei khiyari, ambapo mtu huuza shamba kwa sharti la kulikomboa akirudisha fedha, huku akilikodi yeye mwenyewe. Hiyo ilikuwa njia ya kuizunguka riba, na mashamba mengi hayakukombolewa.

Dhamana kwa mtu wa mtaani ni kumtoa mtu polisi. Katika mikataba ni kujifunga kulipa deni la mwengine, na hapa fiqhi na sheria ya Bara zinakutana: mwenye deni anaweza kumdai mdhamini kama anavyomdai mdaiwa. Kusaini udhamini si kuwa shahidi.

Hawala ni kuhamisha deni kutoka dhima ya mtu hadi dhima ya mwengine, na aliyehamisha anatoka. Kutuma fedha kwa simu si hawala kwa maana hiyo, hata kama watu wanaliita hivyo.

Wakili wa fiqhi ni yeyote uliyemruhusu akufanyie jambo. Wa mahakamani amesomea na kuandikishwa. Fatwa inaeleza hukmu ya dini, hukumu ya mahakama inalazimisha.

Kuna pahala njia zinaachana kabisa. Bara, dai la mkataba likipita miaka sita halisikilizwi tena. Mbele ya Allah (Subhanahu wa Ta'ala) deni halifi kwa miaka, na anayesema "limepitwa na wakati" amejiokoa na hakimu tu.

Tunaulizwa pia: kesi ya Karatu tuilete kwa Kadhi? Mahakama za Kadhi za Zanzibar zinasikiliza ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wake, si biashara, na Bara hazipo ndani ya mfumo wa mahakama za nchi. Mkataba uliofungwa na kutekelezwa Karatu utaamuliwa kwa sheria za Bara. Mirathi ya Muislamu aliyefariki huko inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, nayo itafuata fiqhi. Hapo ndipo karatasi inapohitajika kuliko popote: mtaji wa mjomba si urithi wa mpwa, lakini bila ya maandishi utahesabiwa pamoja na mali ya maiti, na mjomba atasimama mbele ya mjane na mayatima akidai kwa mdomo. Mwenye kudai ndiye anayetakiwa ushahidi.

Basi waandike nakala mbili, moja ibaki Wete na moja Karatu: mtaji kiasi gani, kazi gani, faida inagawanywaje, hasara ni ya nani, na mashahidi wawili kwa majina yao kamili.

Wallahu a'lam.